Wanne kwenye gemu moja, kila mtu na lake

Mkuu, umeuliza kama gemu hii mpya ya mazombi inafaa kununuliwa sasa ilivyoshushwa bei, maana wewe na wenzako watatu mmeicheza Left 4 Dead 2 mpaka mnajua kila kona na mnatafuta pa kuhamia. Waliotangulia wamekujibu "nunua, picha kali sana". Picha ni kali kweli, hapo sibishi. Ila mimi niliinunua ilipotoka tu, kwa bei kamili, tukaicheza wanne tuliozoeana, na leo hakuna hata mmoja wetu aliyebaki nayo kwenye kompyuta. Jina lake na la walioitengeneza silitaji, sitaki uzi ugeuke ugomvi wa mashabiki, na isitoshe gemu nyingi za aina hii zinaugua ugonjwa uleule.

Nianze na tulikotoka, la sivyo malalamiko yangu hayataeleweka.

Left 4 Dead ya kwanza ilitoka Novemba 2008, ya pili ikafuata Novemba 2009. Manusura wanne, njia ndefu iliyojaa mazombi, chumba salama mwishoni mwa karibu kila sura, basi. Wanaoisifu huanza na ile akili ya ndani iitwayo Director, yaani programu inayopima kila mchezaji amebanwa kiasi gani, kisha inaamua ilete kundi kubwa au iwaache mpumue kidogo, dawa zikae wapi, Tank, lile zombi jitu, atokee sasa au baadaye. Ndiyo maana ramani mliyoipita jana mkitaniana, leo inawaua wote mlangoni. Ni kazi nzuri, na wengi waliokuja baadaye wameiga.

Lakini kilichotufunga sisi kwenye gemu ile ni kitu kidogo kuliko hicho. Hunter, zombi maalumu anayeruka, akikurukia, hujinasui. Bonyeza vitufe vyote, piga kelele kwenye maikrofoni, utaendelea kuchanwa mpaka mwenzako aje amsukume au ampige risasi. Smoker akishakuvuta kwa ulimi mpaka kwake, vivyo hivyo. Toleo la pili likaongeza Jockey anayekupanda mgongoni na kukuendesha anakotaka, na Charger anayekubeba mbali na wenzako akuponde huko. Ukianguka, unabaki chini na bastola ukivuja damu, na wa kukuinua ni mtu mwingine. Ukitengana na kikosi umekwisha, na hilo unajifunza mapema mno, bila mtu kukuandikia maelezo kwenye kioo.

Halafu hakuna kupanda ngazi, yaani kuongezewa nguvu kadiri unavyocheza. Bunduki ziko mezani, kila mtu anachukua aitakayo, na aliyenunua gemu leo anatoka chumba salama sawasawa na mkongwe. Mkongwe anatofautiana naye kwa tabia tu: anazima tochi akisikia Witch, zombi wa kike asiyetaka kusumbuliwa, analia, hapigi risasi ovyo karibu na gari lenye king'ora, hakimbilii mbele. Mkoba wa huduma ya kwanza ni mmoja kwa mtu, na unaweza kuutumia kumtibu mwenzako. Mabishano matamu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo yalikuwa hayo: mzima ana mkoba, anayechechemea hana, na mlango bado uko mbali. Gemu haikumhubiria mtu ukarimu. Hesabu yake ilikuwa imepangwa hivi kwamba ukimwacha huyu afe, Tank atakapokuja mtakuwa watatu, na watatu kwa Tank ni habari nyingine.

Sasa hii mpya. Kila mchezaji ana ngazi zake, mti wake wa ujuzi (uwezo unaoufungua hatua kwa hatua kwa pointi), na silaha zilizopakwa rangi kuonyesha daraja. Mwanzoni ilinoga. Mazombi wanakatika viungo vizuri, giza lake ni la kweli, mvua ikinyesha unaisikia juu ya bati. Kuna kitufe cha kuonyesha kitu kwa wenzako, risasi hizi hapa, adui yule pale, hata asiye na maikrofoni anaelewa. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: kitufe kile ningependa kila gemu ya kikosi iwe nacho.

Kisha ngazi zikaanza kututenganisha. Mmoja wetu hufanya kazi za zamu, anaingia akipata nafasi. Mwingine hulala na gemu, huamka na gemu. Haikuchukua muda yule wa pili akawa anasafisha chumba kizima kabla sisi hatujavuka kizingiti. Wa zamu akija, mazombi wanapimwa kwa ngazi ya mkubwa wetu, kwa hiyo yeye anakufa kwa kupigwa kofi moja huku bunduki yake haimtikisi mtu. Akawa anatufuata nyuma akiokota risasi. Alivumilia, akasema usiku mmoja kwamba anahisi anatazama watu wakicheza, kisha akawa haji. Hakugombana na yeyote. Gemu yenyewe ndiyo iliyomwonyesha mlango.

Na ugumu wenyewe haukuwa ugumu. Mazombi wa ngazi za juu hawakuwa na mbinu mpya, walikuwa na uhai mrefu tu. Unamimina risasi kichwani zinapotea kama maji mchangani, na namba ndogo zinaruka juu ya kichwa chake kukuarifu umepunguza kiasi gani. Zombi anayeoza, aliyepaswa kunitisha, nimeishia kumsoma kama risiti.

Lakini lililoniuma kuliko yote liko ndani ya ule mti wa ujuzi. Karibu na mizizi kabisa, kwa pointi chache, kuna ujuzi wa kujinasua mwenyewe ukikamatwa. Ukipanda kidogo, kuna wa kujiinua mwenyewe ukiangushwa. Kila mtu huuchukua, na ana haki, maana ni mjinga tu atakayeacha. Sisi wanne tuliuchukua ndani ya wiki ileile. Kuanzia hapo maikrofoni zikapoa. Zamani ukisikia "kanikamata! kanikamata! nyuma yenu!" wote mnageuka. Sasa mtu anakamatwa, anabonyeza kitufe, anaendelea na safari, na sisi hatujui hata kama alikamatwa. Tulikuwa wanne kwenye barabara moja, kila mtu na lake. Ningecheza na watu nisiowajua au na wahusika wanaoendeshwa na kompyuta, tofauti ingekuwa ndogo.

Waliotengeneza gemu naamini waliona wanatusaidia. Kukamatwa na kusubiri kunaudhi, hasa mwenzako akiwa mbali au akiwa hajali. Wakaondoa maudhi, na yale maudhi ndiyo yaliyokuwa yanatufanya tutembee pamoja. Matangazo yao yote yalikuwa ya manusura wanne wamesimama mgongo kwa mgongo.

Sauti nayo inastahili neno. Kwenye Left 4 Dead kila adui maalumu ana sauti yake. Boomer anagugumia, Smoker anakohoa, Hunter anakoroma kwa hasira, Witch analia. Tank akikaribia muziki hubadilika kabla hujamwona. Mtu mwenye masikio mazuri ni silaha ya kikosi: "kuna Smoker kulia, juu." Katika hii mpya sauti zimerekodiwa kwa ustadi mkubwa, ila zote zinanguruma kwa pamoja, na hatari unaijua kwa alama nyekundu ukingoni mwa kioo. Masikio hayana kazi. Nilifika mahali nikawa nacheza huku nasikiliza vitu vingine kabisa.

Jambo jingine uliangalie kabla ya kulipa: maendeleo ya hadithi yanaandikwa kwa mwenyeji tu, yaani yule aliyefungua mchezo na kuwaalika wengine. Ukicheza kwenye dunia ya mwenzako, ngazi na silaha unaondoka nazo, lakini misheni mliyoimaliza pamoja kwako inahesabika haijachezwa. Unatakiwa uirudie. Wanne wakitaka kila mmoja aione hadithi yake imekamilika, hesabu unaijua. Sisi tuligundua mwenyeji wetu alipokatikiwa mtandao, nikafungua dunia yangu mimi, tukajikuta tumerudi karibu na mwanzo. Kuna gemu kadhaa zinazofanya hivi na sijawahi kukutana na maelezo ya maana ya kwa nini.

Najua jibu litakalokuja: "wewe ni mzee, unalilia ujana wako." Inawezekana sehemu yake ni kweli, kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mashabiki tunalalamika, ndiyo desturi yetu. Left 4 Dead 2 yenyewe ilipotangazwa Juni 2009, hata mwaka haujatimia tangu ile ya kwanza, makumi ya maelfu ya watu walijiunga kwenye kikundi cha kuisusia pale Steam, duka la gemu la mtandaoni, wakidai wameachwa mapema, na Valve, watengenezaji wake, wakafikia kuwaalika viongozi wa kikundi waje wajaribu toleo jipya kabla halijatoka. Gemu ile iliyosusiwa ndiyo ambayo leo sisi sote tunaiota. Na Septemba 2020, zaidi ya miaka 10 baada ya kutoka, ikapata nyongeza kubwa ya bure iliyotengenezwa kwa sehemu kubwa na mashabiki wenyewe. Kwa hiyo sikatai kwamba kelele za mwanzo hupungua.

Ila nina sababu ya kuamini si uzee tu. Killing Floor ina ngazi. Ilianza mwaka 2005 kama modi, yaani nyongeza ya mashabiki, ya gemu ya Unreal Tournament 2004, ikawa gemu kamili 2009, na humo mtu anapanda ngazi kwenye fani yake: tabibu, mchomaji moto, mlipuaji na wengine. Wachezaji sita, mawimbi ya viumbe, duka linafunguliwa kati ya wimbi na wimbi. Kwa maneno yangu ya hapo juu ilipaswa kuwa na ugonjwa huohuo. Haina. Sindano ukijichoma mwenyewe inakurudishia uhai mdogo kuliko ukichomwa na mwenzako, na tabibu ana bunduki inayorusha dawa kukutibu kwa mbali. Hela ulizopata unaweza kumtupia mwenzio dukani, na watu wanafanya hivyo, tena kwa wageni wasiowajua, kwa sababu mwenzako mwenye bunduki dhaifu ni tundu kwenye ukuta mnaoulinda wote. Ukipanda ngazi ya utabibu unakuwa na faida zaidi kwa wengine. Hapo ngazi zinawavuta watu karibu. Shida yangu na gemu hii mpya ni kwamba kila pointi uliyoipata inakununulia sababu moja zaidi ya kutomhitaji mtu.

Kuhusu gemu kuanguka katikati ya misheni, seva kukataa kukupokea, na masasisho kuwa machache siku hizi, wengine wameshaeleza vya kutosha, sina la kuongeza.

Basi swali lako. Kama nyinyi wanne mnacheza kwa kasi moja, na mnaweza kukubaliana kwamba hakuna anayeingia peke yake, mtapata wiki chache nzuri kwa bei ya punguzo. Wekeni na sheria yenu ya ndani: ule ujuzi wa kujinasua na wa kujiinua hakuna anayeugusa. Sisi tulijaribu mwishoni, tulipokuwa tumebaki watatu, na kwa muda mfupi gemu ilifufuka. Mtu alikamatwa ghorofani tukapanda ngazi mbiombio kama zamani. Haikudumu kwa sababu mazombi wamepimwa kwa watu wenye ujuzi huo, mkiukosa mnalipia kila dakika. Lakini nyinyi mtakuwa wanne na mtaanza na sheria hiyo tangu mwanzo, huenda mkaenda mbali zaidi.

Kama mmoja wenu ana muda mchache kuliko wengine, msinunue. Bakini na Left 4 Dead 2, ingieni Steam Workshop, sehemu ya kazi za mashabiki, kuna kampeni za mashabiki nyingi kuliko mtakavyoweza kuzimaliza, na baadhi yake zina ubunifu kuliko zile za asili. Au hamieni Killing Floor 2, ina uhai bado.

Na mkinunua, nunueni Steam, kwa sababu wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya masaa mawili. Taabu ni kwamba ndani ya masaa hayo mawili kila kitu kinapendeza, ngazi bado hazijawapa tofauti. Kwa hiyo msiyamalizie kwenye mafunzo na kupamba wahusika. Fungueni mti wa ujuzi kwanza muusome mpaka juu, mmalize misheni moja kwenye dunia ya mwenyeji, kisha mwingine afungue ya kwake mwone kama imehesabika. Mkiona haijahesabika, au mkiona kwa pointi mbili tatu mtu anajinasua bila nyinyi, ombeni pesa zenu saa ileile.