Ulibuni, ulichora au ulipanga?

Swali: Natumia KiCad, programu ya kompyuta, kuchora saketi za elektroniki, yaani njia anazopita umeme kutoka kijenzi hadi kijenzi. Wenzangu husema "nimedizaini sakiti". Je, ni sahihi? Na kinachotokea kwenye kioo cha kompyuta tukiite mchoro au ramani?

Jibu: Swali la pili ni jepesi, nianze nalo. Ni mchoro wa saketi. Humo rezista, kijenzi kinachopunguza mkondo wa umeme, ni kistatili kitupu, au mstari wa kupindapinda kwa wanaofuata mtindo wa Marekani, na haidhuru ukiiweka juu au chini ya ukurasa. Kinachohesabika ni kipi kimeungana na kipi. Ramani huja baadaye, vijenzi vinapopangiwa nafasi kwenye bodi, kile kibao chenye njia za shaba zinazoviunganisha, na kila milimita ikawa na maana. Na ni saketi, si sakiti.

Sasa hilo kudizaini. Linanikera, wala si kwa kuwa limekopwa. Saketi limekopwa, transista na programu vilevile, nayo yalikuja kuziba pengo. Kudizaini limekuta nyumba ina wenyewe watatu, kubuni, kuchora na kupanga, likawatoa wote nje likalala peke yake. Kijana mmoja aliniandikia: "Nimedizaini sakiti ya taa, nikadizaini bodi, lakini taa imeungua. Dizaini ina makosa." Nimeisoma barua hiyo mara nne. Makosa yako wapi?

Huenda yako katika kubuni. Umeme ni volti 5, taa ya LED inachukua 2, zinabaki 3 za rezista. Ukitaka mkondo wa miliampea 10, rezista iwe ya omu 300 (omu hupima ukinzani: volti 3 kugawanya kwa ampea 0.01). Aliyeweka ya omu 30 amepitisha miliampea 100, na LED ndogo haihimili. Huyo alikosea kabla hajagusa kipanya. Au yako katika kuchora: nyaya mbili zilipaswa kupishana tu, yeye akatia nukta kwenye makutano, na nukta maana yake zimeungana, umeme ukaizunguka rezista, ukaenda moja kwa moja kwenye taa. Au katika kupanga: njia mbili za shaba zimesogezwa mno mpaka zikagusana.

Programu yenyewe inaijua tofauti hii. Ina ukaguzi wa mchoro, unaokuonya mguu wa kijenzi ulioachwa bila waya. Ina ukaguzi wa bodi, unaopima nafasi kati ya njia na njia. Kuhusu ile omu 30, programu haitakwambia kitu, maana kubuni ni kazi ya kichwa chako. Mashine inatenganisha kazi tatu, sisi wenye lugha tunazikoroga!

Kuchora, kwa asili, kulihusu pia kuchonga nakshi kwenye mbao. Neno linaikaa kazi hii vizuri mno, kwani bodi nayo shaba yake huliwa kwa kemikali mpaka zibaki njia tunazozitaka.

Basi msomaji, ukinakili saketi ya kitabuni ukaiingiza kwenye KiCad, umechora. Ukiikokotoa mwenyewe kuanzia volti ya kwanza, umebuni, na useme hivyo kifua mbele. Wenzako wakiendelea kudizaini sitagombana nao kila siku, masikio yangu yameshachoka. Ila wakiniletea taa iliyoungua, sitaigusa mpaka waniambie walikosea katika kazi ipi.