Draivshafti inapogonga kwenye kona: jibu kwa dereva wa Koboko

SWALI: Fundi, salaam. Nina Corolla ya 2001, otomatiki, niliyoinunua 2012. Mwaka jana niliinua gari kwa speisa (vipande vya kuongezea kimo), mbele na nyuma, kwa sababu njia za vijijini huku kwetu zilikuwa zinalikwaruza tumbo. Siku hizi nikikata kona kulia linalia ka-ka-ka-ka. Tena nikipanda mlima na abiria, kwenye kilomita 50 au 60 kwa saa, kiti kinatikisika kushoto na kulia. Nikiachia mafuta kinatulia. Buti la nje la kushoto, yaani mpira unaofunika jointi ya draivshafti, limepasuka, la kulia lina ufa. Fundi mmoja anasema ninunue draivshafti mbili za mtumba Kampala. Mwingine anasema zibadilishwe upande tu, ya kushoto iende kulia. Nani mkweli? Na je, nije nalo Kampala hivyo hivyo?
Dereva, Koboko

JIBU: Ndugu yangu, nianze na la mwisho kwa sababu ndilo la haraka. Usije nalo. Jointi inayolia, yaani kiungo cha draivshafti (chuma kinachopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi gurudumu), inaweza kuvumilia wiki nyingi, na inaweza kukatika kesho. Hakuna fundi atakayekuambia siku. Ikikatika, injini itaunguruma na gari lisitoke hata hatua moja, maana difu, gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, hupeleka nguvu zote upande uliokatika, ambako hakuna kizuizi. Wengi hawajui kwamba hata P, ile gia ya kuegesha, haishiki tena gari likiwa hivyo. Utaweka P kwenye mteremko, utashuka, na gari litakufuata. Linaloshika hapo ni hendibreki na jiwe chini ya tairi. Mimi nisingependa kuyajifunza hayo njiani, pale Karuma, nyani wakinitazama. Spea itakuja kwa basi, gari libaki nyumbani.

Sasa hao mafundi wawili. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, lakini naona hakuna aliyelala chini ya gari akatazama. Una magonjwa mawili, si moja. Mlio wa kwenye kona ni wa jointi ya nje, ile iliyo kwenye gurudumu. Mtikisiko wa mlimani unaokwisha ukiachia mafuta ni wa jointi ya ndani, ile iliyo kwenye giaboksi. Ukinunua kitu kabla ya kuzitenganisha hizo mbili, unacheza bahati nasibu.

Anza na ya nje. Tafuta uwanja mpana, shusha vioo vyote, mweke mtu asimame nje mahali salama. Kunja usukani hadi mwisho kulia, zunguka polepole huku ukikanyaga mafuta kidogo. Kisha kushoto. Ukikata kulia na mlio ukatoka, mara nyingi mwenye kosa ni jointi ya kushoto, lakini usiape. Ndiyo maana nikataka mtu wa nje asikilize unatoka gurudumu gani. Halafu fanya jambo ambalo madereva hawalifanyi: rudia mizunguko hiyo kwa rivasi.

Rivasi inakuambia kama fundi wako wa pili ana hoja. Ndani ya jointi ya nje mna goroli sita, kila moja kwenye mfereji wake. Ukienda mbele, injini huzikandamiza goroli kwenye ukuta mmoja wa mfereji. Ukirudi nyuma, kwenye ukuta wa pili. Gari hushinda likienda mbele, kwa hiyo ukuta mmoja huliwa na mwenzake hubaki karibu mpya. Ukiitoa jointi ya kushoto ukaifunga kulia, inazunguka kinyume na ilivyozoea, na ule ukuta mzima ndio unaobeba mzigo. Huo si ujanja wa kitapeli. Nimeufanya mara nyingi kwa watu wasio na fedha siku hiyo, na gari likanyamaza kwa miezi. Ila kinachohamishwa ni jointi peke yake. Draivshafti nzima haihami, kwani ya kushoto na ya kulia hazilingani urefu. Na kama linalia mbele na rivasi pia, kuta zote mbili zimekwisha, na kazi yote hiyo itakuwa ya bure.

Kwako wewe nina mashaka. Buti likishapasuka, mzunguko huirusha grisi nje, utaiona imetapakaa upande wa ndani wa rimu na kwenye shokapu, na vumbi jekundu la muramu huingia mahali pake. Vumbi hilo na grisi iliyobaki ni sawa na msasa. Halichagui ukuta. Kama limepasuka zamani, nunua jointi mpya ya kushoto pamoja na buti lake.

Ya kulia usiitupe. Ufa si kifo. Inua gari, liweke juu ya stendi (jeki peke yake haiaminiki), mtu akanyage breki, wewe shika chuma cha draivshafti karibu na gurudumu ukizungushe mbele na nyuma. Jointi ya nje iliyo nzima haina mchezo wa kuhisika. Ikiwa kimya mkononi na kimya uwanjani, ifungue, ioshe kwa mafuta ya taa mpaka goroli zing'ae, ikaushe kabisa, weka grisi na buti jipya. Yale mabuti ya kugundisha yasiyohitaji kufungua draivshafti, mimi siyataki. Yanakufikisha nyumbani, basi.

Grisi nayo iwe ile nyeusi ya molibdenamu inayokuja na buti kwenye pakiti. Nikiwa kijana nilijaza jointi ya mteja kwa grisi ya kawaida ya beringi, ile ya kopo, nikijiona nimemfadhili kwa kumwekea nyingi. Baada ya muda mfupi alirudi, jointi inalia kama cherehani. Nilimlipia mpya kutoka mfukoni mwangu.

Tuje kwa mtikisiko, na hapa nauona mkono wa zile speisa. Jointi ya ndani haina goroli. Ina miguu mitatu yenye vigurudumu vinavyoteleza kwenye mifereji mitatu, ili draivshafti iweze kurefuka na kufupika tairi likipanda na kushuka. Inapenda kulala karibu bapa. Ulipoinua gari, injini na giaboksi vilipanda juu, magurudumu yakabaki chini, na draivshafti sasa zinateremka kwa pembe kali muda wote. Vigurudumu vinasugua sehemu ambayo haikuwa ikibeba mzigo, na ukikanyaga mafuta mlimani vinasukuma gari pembeni, huku na huku. Mabuti nayo yanajikunja kupita kiasi. Sishangai yote mawili yameachia katika mwaka mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kununua jointi za ndani, toa speisa za mbele ujaribu mlima uleule na mzigo uleule. Ukikuta mtikisiko umekwisha au umepungua sana, umeokoa fedha. Angalia mauntingi (vishikilio) za injini pia, maana ikilala upande mmoja inaharibu pembe hiyohiyo. Usipopungua, fungua jointi ya ndani, ifute, pitisha ukucha ndani ya mfereji. Ukucha ukikwama kwenye kishimo, hiyo imekwisha. Jambo moja lisikutishe: jointi ya ndani ukiivuta na kuisukuma inaingia na kutoka. Ndivyo ilivyoumbwa. Nimeona watu wameuziwa draivshafti kwa sababu hiyo tu.

Ikiwa ya kushoto itakuwa mbovu ndani na nje, hapo nakubaliana na fundi wako wa kwanza: draivshafti moja ya mtumba, ya kushoto. Mtumba halisi wa Japani ulio mzima naupendelea kuliko mpya wa bei ya kutupa usio na jina. Tangu 2018 magari yenye miaka 15 na zaidi yamekatazwa kuingizwa nchini Uganda, kwa hiyo Corolla kama yako haiji tena ikiwa nzima na hizi tulizonazo tutazilea. Mpe anayekwenda Kisekka, soko la spea la Kampala, ile ya zamani aibebe mkononi, asiende na picha. Apige alama ya chaki kwenye jino moja ahesabu meno ya ncha zote mbili za draivshafti, alinganishe urefu, na atazame kama ina ringi ya ABS (ya sensa ya breki) ikiwa yako inayo. Ya otomatiki na ya manyuo mara nyingi hazifanani hata kama gari ni lilelile. Buti la mtumba libadilishwe hata likionekana zuri.

Wakati wa kufungua, nati ya katikati ilegezwe tairi likiwa bado chini, kwa sokoti ya 30. Mwisho wa draivshafti usigongwe kwa nyundo tupu. Nati irudishwe mpaka ilingane na ncha ya nyuzi, ndipo igongwe taratibu. Upande wa giaboksi ibanduliwe kwa bari, isivutwe kwa kushika chuma cha katikati, la sivyo jointi ya ndani itaachana na vigurudumu vitamwagika kwenye mchanga. Oili ya giaboksi itatoka, basi uwe na ya kuongeza, aina iliyoandikwa kwenye dipstiki, na ubadilishe sili, mpira unaozuia oili, palepale. Buti lifungwe kwa klipu zake; waya wa kufungia hukata mpira. Nati iwe mpya, ikazwe kwa spana ya kupima, 216 Nm kwa Corolla nyingi za kizazi hicho, kisha mdomo wake ugongwe ujifunge. Na mtu asilisukume gari hata mita mbili draivshafti ikiwa nje, kwa sababu nati hiyo ndiyo inayoishikilia beringi ya gurudumu.

Speisa za nyuma unaweza kuziacha, huko hakuna draivshafti. Ila pua ya gari itashuka na taa zitamulika karibu mno, zirekebishe kabla hujasafiri usiku.