Nyie wa gitaa, ushusheni huo mkono

Jumamosi iliyopita kaja kijana mwengine wa gitaa, anataka kujifunza udi, ile ala ya nyuzi ya taarab. Vidole vyepesi, masikio mazuri, sebene analipiga mpaka miguu inakuwasha. Nikampa udi. Sijakaa vizuri nasikia kwacha-kwacha-kwacha, mkono unakwenda kama anakuna nazi ya futari. Nikacheka, halafu roho ikaniuma, maana nilijiona mwenyewe miaka ile. Basi naandika, ili wa Jumamosi ijayo asinichoshe kwa hilo hilo.

1. Piki ya gitaa, kile kiplastiki cha kuchapia nyuzi, ibaki nyumbani. Risha, ndiyo piki ya udi, ni ndefu, inabanwa na kidole gumba na cha shahada, mkia wake unapita kiganjani na kutokea upande wa kidole cha mwisho. Neno lenyewe kwa Kiarabu ni unyoya. Ziryab, yule mwanamuziki aliyehamia Cordoba, Hispania, karne ya 9, husimuliwa kuwa aliacha kipande cha mti akachukua unyoya wa tai. Sisi tunakwenda duka la vifaa vya umeme: ile mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya, ile mipana, unakata, unapiga msasa ncha mpaka iwe laini kama ukucha. Basi.

2. Kigasha kilale kwenye ukingo wa udi, kifundo cha mkono kijikunje. Msiegemeze kidole cha mwisho usoni mwa udi wala msilaze kiganja kwenye daraja, kile kibao cha kufungia nyuzi. Najua kwenye gitaa ndivyo mnavyoziba nyuzi. Hapa mtaziba udi wote.

3. Kushuka. Pigo la kushuka linaangushwa. Mkono una uzito wake, uachieni. Nyuzi za udi zimekaa mbili mbili, kwa jozi: risha ipite nyuzi zote mbili za jozi, itue juu ya jozi inayofuata, itulie hapo. Ukipata uzi mmoja tu wa jozi, udi unatoa sauti ya mtu mwenye mafua.

Sasa jozi ya mwisho, ile nyembamba, haina jirani wa kuipokea risha. Chini yake ni ubao mtupu. Hapo ndipo nilipoaibika.

Nilikuwa mpiga solo wa bendi ya hoteli, nina miezi miwili ya udi, najiona nimefika. Kikundi kimoja kikapungukiwa mpiga udi kwenye harusi. Mzee mmoja aliyekuwa anaumwa mgongo akaniazima wake, kaufunga kwa kanga kuukuu. Nikamwambia, "Maalim, nitautunza kama mtoto." Ulikuwa udi wa zamani, uso wake umeshakuwa rangi ya asali, na kile kibamba cha kuukinga, kati ya tundu na daraja, kilikuwa kimebanduka kitambo.

Bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, tukaipiga salama. Zikaingia nyimbo, akina mama wakaanza kuja kutunza, ukumbi ukachemka. Fidla tatu upande huu, akodian upande ule, mimi sijisikii. Mpiga gitaa asipojisikia anafanya nini? Anaongeza nguvu. Risha ya kuazimwa nikaitia mfukoni, nikatoa piki yangu, nikacharaza. Watu wakashangilia. Nikadhani wananishangilia mimi.

Nyumbani, chini ya taa, ndipo nilipoona. Chini ya jozi ya mwisho kulikuwa na mikwaruzo, myeupe peee, imepangana kama kazi ya paka. Nikaihesabu mpaka ishirini na mbili, nikaacha. Sikulala. Usiku wa manane likanijia wazo ambalo hadi leo nalionea haya: nikachemsha kahawa nzito, nikaipaka kwa ncha ya kidole, mkwaruzo mmoja mmoja. Ilipokauka nikaona haionekani sana.

Asubuhi nikaurudisha. Mzee akaufungua, akauinamia, akanusa.

"Udi wangu umekunywa kahawa?"

Sikuwa na jibu. Akapitisha kidole juu ya mikwaruzo, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Nikasubiri matusi, hayakuja. Akatoa risha mfuko wa shati. "Kaa. Jozi moja, kushuka tu." Nikaanza kupiga. "Humo ndani hamna mtu wa kumwamsha," akasema, akaenda zake kulala. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri, na kesho yake, na karibu mwezi mzima. Na mwenye kanda ya ile harusi aliniambia udi haukusikika hata kidogo. Nyuzi mbili ukizipiga kwa hasira zinagongana, zinakufa papo hapo.

4. Kila unapohamia jozi mpya, anza kwa kushuka, hata kama pigo lililopita nalo lilikuwa la kushuka. Wapiga solo mtalichukia hili, mmezoea shuka-panda bila kukosa. Chukieni, lakini fanyeni.

5. Noti ndefu inatetemeshwa kwa kifundo, mwendo mdogo. Begani hapahusiki.

6. Udi haulipi kodi, yaani zile kodi za gitaa, sauti kadhaa kwa mpigo mmoja. Mkitaka kuujaza wimbo, gongeni ule uzi mnene ulio peke yake, kisha rudini kwenye sauti yenu.

Kuna atakayeuliza, maana kila mwaka yupo, kwa nini tusidonoe kwa vidole. Ulaya walimfanyia hivyo binamu yake, luti. Mwishoni mwa karne ya 15 wakaanza kuacha risha, wakapata sauti tatu nne kwa mpigo. Kazi nzuri. Ila hapa tunamfuata mwimbaji mmoja kwenye Bayati, moja ya maqam, zile ngazi za sauti za Kiarabu, na yeye hataki umati nyuma yake.

Jumamosi saa kumi alasiri. Kila mtu na risha yake, yangu siiazimi. Udi nitawaazima nikishaona mnashuka jozi ya mwisho bila kugusa ubao. Kahawa itakuwepo, ya kunywa.