Moshi mweusi ukipanda Kabale: usikimbilie ringi

Ndugu uliyeuliza kama ringi mpya (pete za chuma zinazozunguka pistoni) zitaondoa moshi mweusi wa gari lako la dizeli likipanda Kabale, mji wa milimani kusini-magharibi mwa Uganda: hapana. Ringi zikichoka moshi huwa wa buluu, ni oili inayoungua. Mweusi ni dizeli iliyokosa hewa. Kwenye injini nyingi za dizeli za siku hizi kichwa cha pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya injini, kina shimo kama kibakuli. Humo hewa huzunguka kwa kasi ichanganyike na dizeli inayopulizwa na nozeli, yaani ncha ya kunyunyizia dizeli. Nozeli ikitoa matone badala ya ukungu, tone haliungui lote, linabaki masizi. Halafu Kabale ni juu sana, hewa nyepesi. Injini isiyo na tabo, kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani, inahema. Safisha chujio la hewa, kisha nozeli zipimwe. Fanya mapema, watoto waendao shule kando ya barabara ndio wanaovuta masizi hayo.