Kanada hawakupeleka jeshi Vietnam, sasa walikuwa upande gani?

SWALI: Shikamoo mhariri. Niko Mwanza. Juzi kijiweni tulibishana sana kuhusu nchi za ukubwa wa kati zinavyojiweka pale mkubwa anapoingia vitani. Jamaa mmoja akasema Kanada ni mfano mzuri, walimgomea Marekani kwenye vita ya Vietnam. Mwingine akaja juu, eti uongo mtupu, Kanada walikuwa wanauza silaha za vita hiyohiyo. Tusaidie, nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Wote wawili wako sahihi, na ndo maana mmebishana mpaka mkachoka.

Tuanze na jeshi. Serikali ya Kanada haikupeleka kikosi cha kupigana Vietnam, kipindi chote kile. Na usidhani walikuwa waoga, maana vita ya Korea ya 1950 mpaka 1953 walipeleka zaidi ya watu 26,000 na 516 wakafia huko, ila Korea ilikuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa na Vietnam haikuwa. Sasa waangalie Australia, nao ni nchi ya kati na ni rafiki wa Marekani vilevile, wao walikwenda, Waaustralia kama 60,000 walipita Vietnam na zaidi ya 500 wakafa. Australia waliogopa kwamba siku wakivamiwa kule waliko, mbali na wenzao, Marekani asipokuja wamekwisha, kwa hiyo wakalipa mapema kwa damu ya vijana wao. Kanada hakuwa na hofu hiyo, kapakana na Marekani, atalindwa atake asitake. Hofu yake ilikuwa biashara.

Kulikuwa na sababu nyingine pia. Mkutano wa Geneva wa 1954 uliounda Vietnam mbili kwa muda, Kaskazini ya wakomunisti na Kusini iliyoungwa mkono na Marekani, uliunda na tume ya kimataifa ya kusimamia makubaliano, na wajumbe walikuwa watatu: India mwenyekiti, Poland kwa upande wa wakomunisti, Kanada kwa upande wa magharibi. Yaani Kanada ni refa. Refa hawezi kuvaa jezi ya timu moja, na Ottawa, yaani serikali ya Kanada, walilitumia hilo kila walipobanwa kutuma askari.

Lakini refa mwenyewe sasa! Mwaka 1964 mwanadiplomasia wa Kanada kwenye tume hiyo, Blair Seaborn, alitumwa Hanoi, mji mkuu wa Vietnam Kaskazini, na mwezi wa sita akakaa na waziri mkuu Pham Van Dong, akiwa na ujumbe wa Washington. Ujumbe wenyewe kwa kifupi ni kwamba mkiacha kusaidia vita ya kusini mtafaidika, mkiendelea mtaumia vibaya. Dunia ilikuja kuuelewa mpango huo vizuri 1971 nyaraka za siri za Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, zilipovuja. Wapo wanaosema Kanada walikuwa wanatafuta amani, na mi naamini Seaborn mwenyewe alikuwa anaitafuta kweli, ila kumbebea mtu kitisho chake huku umevaa kofia ya usimamizi, hapana, hapo mi siwatetei.

Halafu kuna Lester Pearson. Huyu ndo yule aliyepata Nobel ya amani 1957 kwa kazi yake kwenye mgogoro wa Suez, na wakati wa Vietnam alikuwa waziri mkuu. Marekani walianza kuipiga mabomu Vietnam Kaskazini mfululizo mwezi wa tatu 1965, na tarehe 2 Aprili Pearson akaenda Philadelphia, kwenye chuo kikuu cha Temple, akasema kwa upole kabisa, akiisifu Marekani karibu hotuba nzima, kwamba labda mabomu yasimamishwe kidogo ili Hanoi wapate nafasi ya kuzungumza. Kesho yake Rais Johnson wa Marekani alimpokea Camp David, nyumba ya mapumziko ya marais wao, akamfokea vibaya, na inasimuliwa kwamba alimkamata koti kifuani. Na kumbuka miezi mitatu tu nyuma, Januari hiyohiyo, hao wawili walikuwa wamekaa shambani kwa Johnson Texas wakisaini mkataba wa magari, ule ulioruhusu magari na vipuri kupita mpakani bila ushuru na ukaajiri watu wengi sana Ontario. Mtu anayekukunja shati ndo huyohuyo anayeshika kazi za watu wako. Pearson alirudi nyumbani, na tangu hapo maneno ya hadharani akawa anayapima sana, ingawa 1966 bado alimtuma mzee Chester Ronning, mwanadiplomasia mstaafu, Hanoi mara mbili kujaribu tena mazungumzo. Hayakuzaa.

Sasa huyo jamaa yenu wa silaha. Kweli tupu. Namba inayotajwa sana ni karibu dola bilioni 2.5 za vifaa vya kivita vilivyouzwa Marekani kati ya 1965 na 1973: risasi, baruti, napalm (mafuta mazito ya mabomu ya moto, yanayoganda mwilini yakiwaka), injini za ndege, mpaka kofia na buti, na hapo hujagusa madini kama nikeli na shaba. Sumu ya kuua majani, ile Agent Orange, Wamarekani waliijaribu 1966 na 1967 kwenye kambi ya jeshi ya Gagetown, mkoa wa New Brunswick, ndani ya Kanada kwenyewe, na mwaka 2007 serikali ikaja kutangaza dola 20,000 kwa kila aliyethibitika kuugua kwa sababu hiyo. Miaka arobaini baadaye!

Kwa hiyo waambie kijiweni, askari hawakwenda, viwanda vilikwenda. Kwangu mimi kutotuma vijana ni jambo kubwa, maelfu ya mama Kanada hawakupokea jeneza na hilo silidharau hata kidogo, ila mtoto aliyeunguzwa na napalm Vietnam hakuwa na cha kushukuru.

SWALI: Nasoma kutoka Nairobi. Unawalaumu Kanada, lakini wangeweza kweli kukataa kuuza?

JIBU: Swali zuri. Mwaka 1967 walimu wa chuo kikuu cha Toronto walimwandikia Pearson kumtaka hilohilo, na jibu lake lilikuwa kwamba kusimamisha mauzo kungevunja mpango mzima wa ulinzi na Marekani. Hakuwa anatunga. Februari 1959 Kanada walikuwa wamefuta ndege yao ya kivita, Avro Arrow, watu zaidi ya 14,000 wakapoteza kazi siku moja, na mwaka huohuo wakaingia kwenye utaratibu wa kugawana na Marekani utengenezaji wa silaha. Ukishafunga mlango wa kujitegemea, ukafungua huo mmoja tu, huchagui tena vita gani utaihudumia. Wangeweza kukataa baadhi, napalm kwa mfano, na naamini walipaswa. Kukataa yote ilikuwa ni kugombana na soko lao lote. Ndo ujue kosa lilianza kabla ya vita yenyewe kupamba moto.

Kitu kingine watu hawakisemi: miaka hiyohiyo, 1965, Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wake wa kijeshi Tanzania, waliokuja kusaidia kufundisha jeshi letu walikuwa Wakanada, wakakaa mpaka 1970. Tuliwaamini kwa sababu hawakuwa mkubwa wa upande wowote. Sifa hiyo ilikuwa na thamani kubwa sana Afrika, na Ottawa walijua.

SWALI: Kaka, niko Toronto, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Mmoja ni Mmarekani, anasema alikuja hapa 1969 “kwa ajili ya vita” halafu ananyamaza. Nimuulize nini?

JIBU: Dada yangu, pole na kazi. Miaka ile vijana wengi wa Kimarekani walikimbilia Kanada kukwepa kuandikishwa jeshini kwa lazima. Mei 1969 serikali ya Kanada iliagiza maofisa wa mpakani wasiwaulize wahamiaji habari za utumishi wao jeshini, na hapo mlango ukafunguka hata kwa waliotoroka jeshi. Makadirio ya waliokuja ni kati ya 20,000 na 40,000, na wanawake walikuwa wengi. Kwa haki kabisa, hilo ni jambo jema kuliko yote Kanada walilofanya katika vita ile. (Na Wakanada wengine kwa maelfu walivuka kwenda kujiunga na jeshi la Marekani, kuna mnara wa waliokufa pale Windsor.)

Rais Carter wa Marekani alitoa msamaha Januari 1977, lakini ni kwa waliokwepa kuandikishwa, siyo waliotoroka wakiwa tayari jeshini. Kwa hiyo usianze na “ulikimbia?”. Muulize aliingiaje Kanada na nani alimpokea, wengi walipokelewa na familia wasizozijua kabisa. Kama alikuwa mtoro wa jeshi, huenda hakuweza kurudi kumzika mama yake, basi mpe muda aseme mwenyewe.