Barua kwa mwanangu: wale farasi wa Venice

Mwanangu, picha nimeiona, wale farasi wa shaba juu ya mlango wa kanisa la San Marco hapo Venice, Italia. Ukaniuliza, "baba, hivi vita vya msalaba vya kale viliacha nini zaidi ya uadui wa Wakristo na Waislamu?" Jibu si ndilo hilo hapo juu ya kichwa chako!

Farasi hao ni wa wizi (hao wa nje kopi tu, wenyewe wako ndani). Waliibwa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mwaka 1204, Wakristo wakiwaibia Wakristo wenzao. Wapiganaji wa vita vya msalaba waliagiza meli Venice kwa marki 85,000 za fedha, Venice wakasimamisha biashara zao karibu mwaka mzima wanaunda meli tu, siku ya kuondoka ikafika wamekuja watu kama theluthi hivi, pesa haitoshi. Mimi mtu wa duka nakwambia, deni likishaingia hapo dini inakaa pembeni. Mdai, yaani Venice, akawaambia basi nipigieni kwanza Zara, mji wa Wakristo vilevile, Papa kakataza, wakaupiga. Halafu akatokea mwana wa mfalme wa Konstantinopoli, nirudishieni kiti cha baba yangu ntawalipa, wakamrudishia, kulipa kukamshinda, ndo wakaukomba mji.

Venice wakapata kisiwa cha Krete, wakakaa nayo hadi 1669, na bandari za njiani juu yake. Na usidhani waliwasusa Waislamu, pilipili manga walikuwa wakienda kuinunua Alexandria kule Misri, Papa anapiga marufuku wao wanapakia. Wagiriki lakini, ndio waliokuwa wenye Konstantinopoli, hawakusahau, mwaka 2001 Papa John Paul II alivyofika Athens ilibidi aombe msamaha, karibu miaka 800 imepita.

Hata hapa kwetu Malindi si upo ule mnara mweupe wa Vasco da Gama, tulipokuwa tunakaa jioni unakula viazi karai. Ule msalaba wa juu ni wa Wareno, walikuja 1498 na matanga yana msalaba wa Shirika la Kristo, shirika lililorithi mali za Templa, wale watawa wapiganaji wa vita vya msalaba, kule Ureno baada ya Papa kuwavunja 1312. Walikuwa wanatafuta njia ya kuifikia pilipili wenyewe, wasipitie kwa Venice wala Misri. Malindi tukawapokea. Mombasa hawakutaka, 1505 mji ukachomwa moto.

Mama yako hapa anasema farasi ameshawaona, tuma picha yako wewe, anataka kujua kama koti unavaa.