Kiini kimoja kinachemka, vitatu vimelala

Kaka wa Kirumba, umeuliza kuhusu seva yako ya Linux inayogawia wateja intaneti kwa PPPoE (njia ya kumwunganisha kila mteja kwa jina na nywila yake). Kama inakwama kila jioni huku kiini kimoja cha CPU kikiwa 100%, usinunue mashine mpya bado. Soma kwanza faili la /proc/interrupts, linaloonyesha kila kiini kimepokea intarapti ngapi, yaani miito ya vifaa kuomba CPU ivihudumie. Namba za kadi ya mtandao zikipanda safu ya CPU0 tu, intarapti zote zimekielemea kiini kimoja. Kwa kawaida amri ethtool -L eth0 combined 4 (inayofungua foleni nne za pakiti, yaani vipande vya data, kwenye kadi ya eth0) pamoja na irqbalance (programu ya kugawia viini intarapti) vinatosha, kadi ikiwa na foleni hizo.

Ila umetaja PPPoE, na hapo ndipo penye kazi. Kadi nyingi hazioni anwani ya IP iliyo ndani ya PPPoE, hivyo pakiti zote zinaangukia foleni moja, kama abiria wa feri ya Kamanga kung'ang'ania mlango mmoja. Iachie kerneli (moyo wa Linux) iwagawie viini pakiti yenyewe, kwa njia iitwayo RPS, ukiwa root (msimamizi mkuu wa mashine):

echo f > /sys/class/net/eth0/queues/rx-0/rps_cpus

Hiyo f ni viini vinne vya kwanza. Mteja mmoja akipakua faili moja kubwa bado atabaki kwenye kiini kimoja. Ni makusudi, pakiti zisipishane. Mashine ikizimwa mpangilio unafutika, na umeme wetu huu unaujua, kwa hiyo uweke kwenye skripti ya kuwashia.